Bi Hodi, Mkunga Aliyewatafutia Watoto Nyumba

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Hodi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili kati ya watano wa baba fundi seremala na mama aliyekuwa akishona nguo nyumbani. Mimi ninayewasomea ni mdogo wake, kitindamimba. Nimeombwa niseme ukweli mtupu, na aliyeniomba ni yeye mwenyewe. Mnivumilie.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958. Alifanywa kiranja wa darasa, akavuliwa cheo baada ya muhula mmoja kwa sababu alimhoji kila mtoto aliyedai anaumwa tumbo: limeanza lini, upande gani, jana ulikula nini. Mwalimu wake alisema huyu apelekwe hospitali, huko maswali yake yatafaa. Ndivyo ilivyokuwa. Alihitimu uuguzi na ukunga Novemba 1972, na Januari iliyofuata akaanza kazi katika wadi ya wazazi, ambako alihudumu hadi alipostaafu mwaka 2006.

Tarehe 25 Agosti 1979 alifunga ndoa na dereva wa gari la wagonjwa, shemeji yetu huyu aliyeketi mbele. Hawakujaliwa kuzaa.

Mwaka 1986 mwanamke mmoja alijifungua mtoto wa kike, akatoka kupitia mlango wa chumba cha kufulia, hakurudi tena. Mtoto alikaa wadini miezi minane. Alijifunza kuketi katikati ya vile vitanda vya chuma, akimnyooshea mikono kila aliyevaa aproni nyeupe, awe muuguzi, awe mfagizi. Dada aliuliza huku na huku nani atamchukua. Kila mtu alimjibu kwa swali: ni damu ya nani? Mwishowe akafuata taratibu, akaja naye nyumbani.

Shemeji alimtazama mtoto, akamtazama mkewe, akaanza kuhesabu miezi kwa vidole.

"Huyu mtoto wa nani?"

"Wa hospitali."

"Hospitali haizai, mama."

Wiki mbili nzima alilala sebuleni. Kumbe alikuwa akipita wadini kimyakimya, anamuuliza mfagizi, anaomba kuonyeshwa daftari la wazazi. Siku ya kumi na tano akarudi na mto wake chumbani. "Nimeuliza," akasema. "Ni kweli." Dada akamjibu, "Ungeniamini bila kuuliza, ningekushangaa." Mahakama iliwaruhusu kumwasili binti huyo mwaka 1988, na mwaka 1991 wakamwasili na mtoto wa kiume.

Hapo ndipo alipopata jina lake. Aligundua kwamba watu wengi hawakujua hata kama inaruhusiwa, mtu wa kawaida, mwenye chumba na moyo, kumlea mtoto asiye wake kwa muda au kumwasili kabisa. Akaanza kwenda kuwaambia. Kila Jumamosi alipiga hodi kwenye saluni, nyumba za ibada, vikao vya wazazi shuleni na milango ya watu. Walimpokea kama mtu aliyekuja kukata umeme. Kinyozi mmoja alizima mashine, mteja akiwa amenyolewa nusu kichwa, akamuuliza, "Mama, hebu sema kweli. Wewe unapata nini hapo?"

"Napata maneno kama hayo yako," akasema dada. "Ila nimeona una chumba kitupu huko nyuma."

Kinyozi alimtoa nje. Miezi mitatu baadaye alikuwa na mkewe kwenye benchi la ofisi ya ustawi wa jamii, wakiulizia fomu.

Msidhani dada naye aliwaamini watu. Aliyekubali siku ya kwanza alimwambia arudi kwake akafikiri. Kuna nyumba moja walimwandalia mtoto chumba kizuri ajabu, midoli imepangwa juu ya kabati, bado imo kwenye nailoni zake. Dada akauliza, "Mtoto ataruhusiwa kuichezea?" Mama mwenye nyumba akasita. Dada akafunga daftari, akaaga. Alirudi nyumba ile baada ya mwaka, bila taarifa, akakuta nailoni zimechanwa na watoto wa majirani wamejaa sebuleni. Leo nyumba ile ina kijana wa chuo kikuu.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kupita bila kusimama.

Mwanzoni mwa 2009 niliona picha za watoto kwenye mkoba wa dada, nyuma zimeandikwa namba. Niliona magari nisiyoyajua yakisimama getini kwake, mume na mke wanashuka wakitazama huku na huku. Nikiingia, mazungumzo yanakatika. Nilipomuuliza, alisema, "Ni siri za watoto, si zangu." Mtaani walikuwa wakinong'ona kwamba watoto wanauzwa. Nilijumlisha nilivyojumlisha, na tarehe 3 Februari niliwaandikia polisi barua bila jina.

Dada, ingawa alikwishastaafu uuguzi, alizuiwa na ofisi ya ustawi wa jamii kuwatafutia watoto nyumba kwa miezi saba. Wapelelezi walipita nyumba thelathini na moja, na watoto wote walikutwa katika nyumba walizoandikiwa, wazima, wanasoma. Zile namba nyuma ya picha zilikuwa saizi za viatu. Lakini familia mbili zilizokuwa njiani ziliogopa, zikajitoa. Mmoja wa watoto waliokuwa wakingojewa alikuwa msichana wa miaka minne aliyekwisha kuonyeshwa kitanda chake. Alibaki kwenye makao ya watoto miaka miwili zaidi kabla ya kupata nyumba nyingine. Mzigo huo ni wangu.

Aliporuhusiwa kuendelea, dada aliongeza maneno kwenye hotuba zake. "Mimi nimewahi kushukiwa na kuripotiwa," alisema ukumbini, nami nikiwa safu ya tatu. "Ningependa kila nyumba ninakompeleka mtoto iwe na jirani kama yule aliyeniripoti." Watu walicheka. Mimi nilitazama sakafu.

Mwaka 2021 figo zake zilishindwa, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, nami nikawa msindikizaji wake. Aprili mwaka huu, mashine ikizunguka, alisema ghafla, "Ile 'g' yako yenye mkia wa kujikunja, nilikufundisha mimi."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mpelelezi aliponionyesha barua."

"Mbona hukusema, dada?"

"Niseme nini? Ulidhani watoto wanauzwa, ukaandika. Wapo waliodhani hivyo hivyo wakaendelea kuja kwangu kunywa chai." Akavuta shuka hadi kifuani. "Ila ungeweka jina."

Nikamuuliza kuhusu yule msichana. Alifumba macho. "Hilo usiniombe mimi msamaha. Si mimi niliyesubiri."

Msichana huyo sasa ana miaka kumi na minane. Kupitia ofisi ya ustawi, amekubali kupokea barua yangu. Bado hajajibu. Safari hii nimeweka jina.

Dada yetu alifariki dunia asubuhi ya tarehe 9 Juni 2023, mumewe na wanawe wakiwa kando ya kitanda. Nilikuwa nimemwahidi kuleta fomu za walezi hapa leo, zikae mezani karibu na mlango. Alinikataza. "Watu wakitoka kuzika huwa wema mno," alisema. "Waache kwanza walale, wagombane na wenzao, wachoke. Atakayekuwa bado anataka baada ya mwezi, huyo ofisi anaijua."

Ameacha mume, binti, mwana, wajukuu watatu, ndugu wawili, na watoto arobaini na sita katika nyumba za watu mbalimbali. Baadhi yao wako hapa kati yetu. Hatutawaomba wasimame, wala msigeuke kuwatafuta kwa macho, maana wapo ambao bado hawajaambiwa, na siku ya kuambiwa ni ya wazazi wao kuichagua.

Dada, umehoji vya kutosha. Sasa pumzika, na amani iwe nawe.