Wimbo wa Tatu, Upande wa Kwanza

Kijiwe chetu kiko nyuma ya soko la Bukoba, mbele ya banda la fundi redio. Benchi ni ubao mmoja mrefu uliolala juu ya kreti mbili za soda, na ukikaa vibaya unamwinua mwenzako. Mimi ni Zuena. Birika la kahawa ni langu na vikombe ni vyangu, kwa hiyo maneno yote ya pale hupita masikioni mwangu kwanza. Mwenye banda ni Mustapha, tunamwita Antena, kwa sababu anadai ananasa hata kisichotangazwa. Yupo Ildefons, karani mstaafu, ambaye ni Gazeti. Yupo Skolastika muuza ndizi, ambaye ni Jaji, kwani akishasema hakuna rufaa. Na mwisho wa benchi, penye kivuli, hukaa Mzee Kagaruki, Sajini, aliyekwenda vitani Uganda mwaka wa sabini na tisa na kurudi na goti lisilokunjika vizuri.

Jumatatu moja ya Julai, mwaka wa themanini na nane, Antena alitoka bandani na kaseti mkononi. Ilikuwa kaseti ya kwanza ya Bendi ya Migombani, vijana wanne wa Ijuganyondo ambao hawakuwa na mfadhili wala studio. Walirekodia darasani Jumamosi moja, miezi miwili nyuma, madirisha wameyaziba kwa mablanketi. Nyimbo sita, tatu kila upande.

Sote tulimtazama Sajini kwanza. Mpiga gitaa na mtunzi wa bendi hiyo alikuwa Clavery, mwanawe wa mwisho, na baba na mwana hawakuwa wakisemeshana. Kaka yake Clavery, Nathanieli, tulimzika mwaka uliopita kwa ugonjwa huu uliokuwa unatumalizia vijana. Clavery aliacha chuo cha ualimu ili amuuguze. Baada ya mazishi hakurudi chuoni. Alishika gitaa. Sajini alimwambia mbele ya waombolezaji, "Mji mzima unazika, wewe unataka watu wacheze?" Tangu siku hiyo Clavery alihamia kwa wenzake.

– Sajini, tuwashe? Antena aliuliza.

– Redio ni yako, alisema Sajini, akageuzia uso sokoni.

Antena alitoa betri alizokuwa ameanika juani tangu asubuhi, akazipanga, akabonyeza. Gitaa likaingia kwa kasi kama mtu aliyechelewa harusi.

– Maawe! alisema Skolastika. Hawa wanafukuzwa na nani?

– Ndiyo mtindo, Antena alijibu. Ila besi hakuna. Hiyo besi ni debe.

– Debe lina kosa gani? Linalia vizuri kuliko redio ulizotengeneza wewe.

– Tulieni, alisema Gazeti. Hapo katikati nimesikia kuku.

Antena akarudisha nyuma. Kweli, katikati ya wimbo wa kwanza kuku alilia mara mbili, na mwimbaji akajizuia kucheka.

– Hiyo ni makusudi, alisema Gazeti. Kuku ni mkulima. Mkulima analalamikia bei ya kahawa.

– Kuku ni kuku, Ildefons.

– Wewe unasikiliza kwa masikio, Skolastika. Nyimbo zinasikilizwa kwa akili.

Wimbo wa pili walisema ni mzuri ila mrefu. Ndipo ukaja wa tatu, na huo ndio uliotuvurugia wiki. Uliitwa "Mama Mwenye Mwavuli". Gitaa lilikuwa jepesi, linarukaruka, na Clavery aliimba karibu anacheka:

*Huyoo, mama mwenye mwavuli,*
*jua halipo, mvua haipo,*
*mwavuli unazunguka,*
*nani anacheka dirishani?*

Haukufika mbali. Skolastika alikwisha simama.

– Huyo ni mimi!

– Wewe?

– Nani mwingine hapa sokoni ana mwavuli wa maana? Huyo kijana alinunua ndizi kwangu Pasaka. Aliniangalia sana.

– Alikuwa anaangalia mizani yako, alisema Antena, maana ina ugonjwa.

– Mnapotea, alisema Gazeti, akanyoosha kikombe nimwongeze. Sikilizeni maneno. Jua halipo, mvua haipo, lakini mwavuli bado uko wazi. Hiyo ni nini? Vita imekwisha lini? Na mikanda tuliyoambiwa tufunge, nani ametuambia tufungue? Mwavuli ni hiyo mikanda!

– Mwavuli ni mkanda?

– Kwa lugha ya kisanii, ndiyo.

Antena alicheka mpaka akashika ubao. Kisha yeye mwenyewe akaleta la kwake, na lilikuwa baya zaidi.

– Mwavuli unazunguka. Kitu gani duniani kina umbo la mwavuli na kinazunguka? Mtambo wa kunasia mawimbi! Hawa vijana wana mtambo huko migombani. Mnadhani gitaa la namna ile limetoka Ijuganyondo? Wanalivuta hewani kutoka Kinshasa, likipita juu ya Rwanda, wao wanalikamata.

– Na anayecheka dirishani?

– Mkinshasa. Anacheka kwa kuwa anaibiwa na hajui.

– Hapana, alisema Gazeti kwa sauti ya chini, akatazama huku na huku. Anayecheka ni nduli mwenyewe, yule tuliyemfukuza Uganda. Kule alikokimbilia, yuko dirishani, anatucheka kwa kukosa sabuni.

– Anicheke mimi na mwavuli wangu? Skolastika alifoka. Aje hapa!

Waliendelea hivyo siku tatu. Kila wimbo ulipofika ubeti wa pili, mtu alipiga kelele, na Antena alikuwa akirudisha ili kuthibitisha hoja yake. Ila nilimwona Sajini. Wimbo wa tatu ulipoanza, mdomo uliokuwa unatafuna kamwani ulitulia, na punje za kahawa zilibaki shavuni mpaka mtu apige kelele.

Mimi nilijua mama ni nani. Nilijua tangu mara ya kwanza. Lakini muuza kahawa akianza kusema anayoyajua, kesho anakunywa birika lake peke yake.

Siku ya Alhamisi alifika mgeni. Kijana mrefu, mvuvi, amebeba redio iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni na inanuka dagaa. Alisema anaitwa Masalu, kwao ni Usukuma, ila sasa anavua katika visiwa vya Muleba.

– Shikamooni wazee. Fundi ni nani hapa?

– Ni mimi. Kaa. Unywe kahawa kwanza, alisema Antena.

Kaseti ilikuwa inacheza. Masalu alitabasamu.

– Ah, hawa! Kule kisiwani tunao. Tunaupiga huu wa mwavuli mpaka betri zinalia. Bwana mmoja kambini ameanza kuimba ubeti wa tatu kila akivuta nyavu.

– Ubeti wa tatu unasemaje? aliuliza Gazeti.

Masalu alishangaa. – Si kaseti mnayo?

Tukatazamana. Siku tatu tulikuwa tumebishana, na hakuna aliyewahi kusikiliza wimbo ule mpaka mwisho. Antena aliurudisha, safari hii kimya kimya. Ubeti wa tatu ulifika.

*Kikapu cha ndizi kichwani,*
*anapanda kilima cha hospitali,*
*saa kumi hachelewi,*
*wodi ya wanaume, dirisha la mwisho.*

Skolastika aliweka kikombe chini. Gazeti alivua miwani, akaanza kuifuta kwa shati. Kila mtu wa Bukoba aliyepita barabara ya juu mwaka ule alimwona Mama Eufrazia, mke wa Sajini, na kikapu chake na mwavuli wake mweusi, akienda kumpelekea mwanawe chakula.

Lakini Masalu hakuwa mtu wa Bukoba. Alikuwa anapuliza kahawa yake, na akauliza kama mtu anavyouliza habari za mvua:

– Samahani wazee, kuna kitu huwa kinanitatiza. Huyu mama mbona anakwenda peke yake? Hana mume?

Antena, mwenye jibu la kila kitu, alijishughulisha kufungua skrubu za redio ya mgeni. Mimi nilishika birika ingawa hakuna aliyeomba kahawa.

– Anaye, alisema Sajini.

Masalu aligeuka.

– Mume anaye, baba. Saa kumi mumewe alikuwa amekaa hapa. Hapa nilipokaa mimi.

– Kagaruki, waitu, ndugu yetu, Skolastika alianza, hakuna aliyekulaumu.

– Nilikwenda mara moja. Nilifika mlangoni mwa wodi, nikaona mkono wa Nathanieli juu ya shuka. Mkono tu. Nikageuka. Kule Uganda nimelala mtaroni, mabomu yanaanguka huku na huku, sikugeuka. Kitanda kile sikukiweza. Jioni mama yake akirudi namuuliza hali, ananiambia, "Leo amecheka." Kila siku ananiambia amecheka. Nilidhani ananituliza.

Masalu alikuwa ameinuka, anataka kuomba radhi. Sajini alimshika mkono.

– Hukukosa. Hawa wameuliza habari za Kinshasa siku tatu, wewe umeuliza la maana.

Kisha akatugeukia sisi. – Nani anacheka dirishani? Nauliza kwa sababu sijui. Mvulana huyo anaimba kitu ambacho mimi baba yake sikijui.

– Sisi tutajuaje? alisema Skolastika. Nenda ukamuulize mwenye mwavuli.

Akaenda, akichechemea, hata hakusubiri nichukue kikombe mkononi mwake. Aliondoka nacho.

Kesho yake, Ijumaa, watu wametoka msikitini, alirudi na kikombe changu, na nyuma yake Mama Eufrazia, amevaa kitenge cha kanisani. Tulisimama wote, na benchi likakaribia kuanguka. Mwanamke yule hakuwahi kuketi kijiweni kwetu. Skolastika alimpisha mahali, na Antena alifuta redio kwa mkono wa shati kana kwamba inakwenda kwa mkuu wa mkoa.

– Kumbe mnayo, alisema Mama Eufrazia. Clavery aliniletea maneno tu. Kaseti aliogopa kuileta nyumbani.

Tukampigia. Alisikiliza mikono mapajani. Ulipofika wimbo wa tatu alianza kutikisa kichwa, na mwisho wake alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, anayafuta kwa ncha ya kitenge.

– Mlisema ni nani dirishani?

– Tulisema mengi, mama, alijibu Gazeti haraka. Hayana maana.

– Alikuwa Nathanieli. Siku za mwisho chakula hakikupita. Nilikuwa nampelekea ndizi ili nisikae nyumbani tu. Siku moja nikiwa chini ya dirisha upepo uliugeuza mwavuli, nikaanza kupigana nao, nazunguka nao pale uwanjani. Nikasikia anacheka huko juu. Basi kesho yake nikazunguka tena, makusudi. Na keshokutwa. Nesi alinigombeza. Baadaye naye akawa anakuja dirishani na wagonjwa wanaoweza kusimama. Clavery ndiye alikuwa anamshikilia nduguye ili aone.

Sajini alikuwa anatazama vidole vyake.

– Kwa hiyo ilikuwa kweli, alisema. Alikuwa anacheka.

– Nilikwambia kila siku, Kagaruki.

Skolastika, ambaye kimya humuumiza, akauliza:

– Na wimbo, mama? Umeuonaje?

– Huu wa mwavuli? Ameukimbiza. Mimi sikwenda namna hiyo, mimi si askari. Mzuri ni ule wa kuku.

– Wa kuku! Gazeti aliruka. Kuku ni mkulima, si ndiyo?

– Kuku ni wangu. Nilimpelekea Clavery zawadi siku ile, nikawaomba wamfunge, wakasahau.

Tulicheka mpaka watu wa sokoni wakaja kuona kuna nini. Antena alisema kwake mtambo wa Kinshasa bado haujafutwa. Skolastika alitangaza kwamba hata kama wimbo si wake, mwavuli wake ni mkubwa zaidi. Sajini alisubiri tumalize.

– Wanapiga lini? aliuliza.

– Kesho, Antena alijibu. Bugi, dansi la mchana, ukumbi wa kule Ijuganyondo.

Nilikwenda na birika langu, kwa kuwa penye watu pana wanywaji. Vijana walikuwa wachache mwanzoni, wamebanana ukutani. Miaka ile mtu alisita kucheza, usije ukachezea msiba wa jirani. Clavery alikuwa jukwaani, ameinamia gitaa, na alipoinua uso akawaona wazazi wake wawili mlangoni, vidole vilikosa waya na wimbo ukakatika.

Mpiga debe alimtazama. Ukumbi ukamtazama. Sajini alisimama pale akiwa ameshika kofia, kisha akasema kwa sauti ya gwaride:

– Endelea, mwanangu! Ule wa tatu!

Clavery akaanza. Alianza kwa kasi ileile ya kwenye kaseti, lakini mama yake aliinua kiganja na kukishusha polepole, mara mbili. Akapunguza. Ulipopungua, wimbo ulifunguka kabisa, na kila mtu alijua aweke mguu wapi. Mama Eufrazia aliingia katikati, mikono juu, anazunguka.

Sajini alinipa kofia yake.

– Nishikie hii, Zuena, alisema. Goti lenyewe halikunjiki, lakini nitazunguka nalo hivyohivyo.