Fredrick Mwakyoma, Kiongozi wa Msafara wa Kijiwe cha Transfoma

Baba Mchungaji, wazee wetu shikamooni, ndugu, jamaa na majirani, na nyie wa kijiwe mliojaa pale nje ya turubai na matawi yenu mikononi, mimi naitwa Tupokigwe, ni dada mkubwa wa marehemu, nafundisha darasa la nne, na familia imenipa kazi ya kusoma historia hii kwa sababu, kama alivyosema mjomba wetu, mimi silii hovyo. Kamati ya mazishi iliniomba nisome ukurasa mmoja tu, na nikifika kwenye ajali nipite harakaharaka, nisije nikamuumiza mtu, nikaitikia kwa heshima zote, halafu nikaenda ndani nikaandika haya mtakayoyasikia.

Marehemu Fredrick Lusungu Mwakyoma alizaliwa tarehe 14 Machi 1989 huko Tukuyu, mkoani Mbeya, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa Mzee Lusungu Mwakyoma, ambaye alitangulia mbele za haki mwaka 2011, na mama yetu Yuliana, ambaye mnamwona pale kwenye mkeka, amenyoosha miguu kwa sababu imevimba na haikunjiki. Mwaka 1996 baba alipata kazi ya ukuli bandarini, tukahamia Dar es Salaam, tukapanga chumba kimoja hapahapa Buza, na hapa ndipo Fredrick alipokulia, alipoolea, na leo ndipo tunapomzikia.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1997, akamaliza la saba mwaka 2003, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2007, ambapo alipata daraja la nne, na ninalitaja mbele za watu kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa analitaja kila aliponikuta nawagombeza wanafunzi wangu. Darasani hakuwa mtu wa ajabu, lakini tangu akiwa mdogo alikuwa kiranja wa mstari, na mwalimu wake aliwahi kumwambia baba kwamba mtoto huyu haendi mbele mpaka ahakikishe wa nyuma amefika. Baba alisikitika sana, alidhani ni aina fulani ya uzito wa akili.

Baada ya shule alibeba mizigo bandarini kama baba yake, na mwaka 2013 akaanza kuendesha bodaboda katika kijiwe cha Transfoma, ambako mwaka 2018 alichaguliwa kuwa mwenyekiti. Katika nafasi hiyo alijaribu kufanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma, alijaribu kuwafundisha watu wazima kuendesha pikipiki kwa kundi bila kuuana. Kila Jumapili baada ya ibada aliwapeleka uwanja wa shule, akawapanga mmoja kulia mmoja kushoto, kama nyayo za mtu anayetembea, akawakataza kwenda sambamba, akawaambia kila mtu amwachie wa mbele yake nafasi ya kufanya kosa. Aliwafundisha kwamba mwendo wa kundi ni wa yule aliye mwisho, kwamba anayeongoza hutazama kioo kuliko anavyotazama barabara aliyoizoea, na kwamba honi tatu ndefu kutoka nyuma maana yake kuna mtu yuko chini, na wote mnasimama. Mlimcheka, mkampa jina la Bibi Harusi, mkasema anawaendesha kama mnampeleka mwali, naye akalipokea jina hilo bila kinyongo, akaliandika hadi kwenye kofia yake ngumu.

Tarehe 21 Septemba 2019 alifunga ndoa takatifu na Vaileth, fundi cherehani, na siku hiyo kijiwe kizima kiliwasindikiza kwa utaratibu huohuo, taa zimewashwa, hakuna aliyempita mwenzake, hakuna honi, hadi majirani wa kule Tandika wakatoka nje na kutupa pole, wakidhani tumefiwa. Alicheka sana siku ile. Mungu aliwajalia watoto wawili, Auleria aliyezaliwa mwaka 2020, na Wilbert aliyezaliwa mwaka 2023, ambaye bado anakimbilia mlangoni kila anaposikia pikipiki, na hapa mtaani, kama mjuavyo, pikipiki haziishi.

Sasa nafika kwenye kipengele nilichoombwa nipite harakaharaka.

Mwezi Aprili kijiwe kilifiwa na kijana Aiman, mtoto wa Mzee Masoud, mwenye duka la vyakula pale kona, ambaye kwa taarifa ya hospitali alifariki kwa homa ya ini. Mzee Masoud aliwaomba viongozi wa kijiwe wamwache amzike mwanawe kwa utulivu, kama dini yake inavyotaka, nanyi mkamjibu, na wapo hapa waliosikia, "Mzee, huyu ni wetu, sie hatumziki mwenzetu kimyakimya kama kuku." Fredrick alipinga, akashindwa, na aliposhindwa akasema kama lazima msafara uwepo basi ataongoza yeye, atangulie mbele ili awashike mwendo, na nyuma kabisa, karibu na gari la jeneza, amweke Loveness, dereva pekee wa kike pale kijiweni, kwa sababu ndiye aliyekuwa anasikiliza pale uwanjani.

Ijumaa tarehe 25 Aprili 2025, baada ya swala, msafara uliondoka kuelekea makaburini Mbagala, na hata kabla haujafika barabara kubwa mlishavunja kila alichowafundisha. Walikuwepo waliosimama juu ya viti, walikuwepo waliopanda watatu na matawi, na honi zilikuwa zinapigwa zote kwa pamoja bila kuachia, kwa sababu nyie mmeamini kwamba boda akifa bila kelele hakupendwa. Karibu na Mtongani, Jonas, katibu wa kijiwe, aliona haifai msiba wa mwenzake uongozwe na Bibi Harusi, akanyanyua tairi la mbele, akampita Fredrick kwa ndani kushoto, na aliposhusha tairi usukani wake ukagonga usukani wa mdogo wangu. Fredrick akaanguka katikati ya njia, na waliokuwa nyuma yake, ambao hakuna hata mmoja aliyemwachia nafasi ya kufanya kosa, wakampitia.

Loveness alisimama, akapiga honi tatu ndefu. Alizipiga, akarudia, akarudia tena, lakini honi ya hatari katikati ya honi za mbwembwe haina maana yoyote, na aliyekuwa mbele yake aligeuka akamwonyesha dole gumba, akidhani anachangamsha. Mwingine ametuambia mwenyewe, bila aibu, kwamba alimwona Fredrick chini na akapita pembeni, kwa sababu msafara wa maiti haukatwi, ukikatwa unaleta mkosi. Kwa hiyo mlikimbia mkosi, mkamwacha mtu.

Ukimwondoa Loveness, gari la jeneza ndilo pekee lililosimama. Mzee Masoud alishuka, akamtazama Fredrick, akawaambia ndugu zake wamteremshe mwanawe, na jeneza la Aiman likawekwa kando ya barabara, kwenye vumbi, ili Fredrick alale mahali lilipokuwa na akimbizwe hospitali. Kisha mzee yule na ndugu zake wakambeba mtoto wao mabegani, wakaenda kwa miguu mpaka makaburini. Na huko makaburini, ndugu waombolezaji, walikuta msafara umefika zamani, pikipiki zinazungushwa vumbi linapaa, honi zinalia, mmemsindikiza kwa heshima zote marehemu ambaye hayupo, mkiongozwa na kiongozi ambaye hayupo, na hakuna aliyekuwa ametazama nyuma kuona kama jeneza linakuja.

Marehemu alilazwa, mguu wake wa kulia ukakatwa juu ya goti, nyonga ilikuwa imesagika, na madaktari walijitahidi kwa uwezo wao wote. Alipopata fahamu aliuliza kama Aiman amezikwa, akauliza kama Jonas ni mzima, na nilipomwambia ni mzima kabisa alifumba macho akasema, "Afadhali." Mimi sikuona uafadhali wowote, na mpaka leo sijauona. Jumapili mlikuja kumwona, wote kwa mkupuo, mkapiga honi chini ya madirisha ya wodi ili ajue mpo naye, akaniomba nifunge dirisha, nesi akatoka kuwafukuza, na Jonas peke yake ndiye hakupanda ngazi siku ile wala siku nyingine yoyote. Fredrick alimwambia mkewe neno moja la wosia, akasema, "Vaileth, msije mkaniweka kwenye msafara," na Jumanne tarehe 6 Mei 2025, saa kumi na moja alfajiri, akafariki.

Familia iliufikisha wosia huo kwa viongozi wa kijiwe, tukajibiwa kwamba ile ni lugha ya maumivu, kwamba tayari vijana wa Temeke nzima wamealikwa, na fulana zimeshachapwa. Nimeziona fulana. Mmemchapa Fredrick ananyanyua tairi la mbele, kitu ambacho hakukifanya hata siku moja maishani mwake, mmechukua kichwa chake mkakibandika kwenye mwili wa mtu mwingine, na kwa saa ile na kile kibangili mkononi naona kabisa huo mwili ni wa Jonas. Basi yamekuwa hivyo, hata kwenye fulana amempanda kichwani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, inawashukuru majirani waliotuletea maji, kuni na vyombo, inawashukuru walimu wenzangu, inamshukuru Loveness, ambaye amekuwa akija hapa kila siku anaosha masufuria na hataki kukaa kwenye kiti, Loveness, mwanangu, tafadhali leo kaa. Inamshukuru kwa namna ya pekee Mzee Masoud, ambaye yupo hapa na sisi, na ambaye hakuna shukrani inayomtosha, kwa sababu alimlaza mtoto wake kwenye vumbi kwa ajili ya wetu. Kijiwe cha Transfoma nacho tunakishukuru kwa matawi.

La mwisho ni utaratibu wa kwenda makaburini. Asubuhi, mlipokuwa mnafika, Vaileth alikaa getini na beseni, akawaomba funguo za pikipiki ili zisogezwe zipishe magari ya wageni, nanyi mkampa, kwa sababu hakuna anayemnyima mjane kitu siku ya mazishi. Msihangaike kujipapasa mifukoni. Beseni lipo chini ya meza hii, limefunikwa khanga, na mtazipata funguo zenu jioni, baada ya chakula, mmoja mmoja, mkononi mwa Vaileth, mkimtazama usoni.

Fredrick atakwenda kwa miguu, kama alivyokwenda Aiman, na mtambeba nyie. Mtajipanga mmoja kulia mmoja kushoto, mnajua namna, mlifundishwa kila Jumapili, mtapokezana kimya, na anayechoka ataomba kupokewa badala ya kujionyesha. Mwendo utakuwa wa aliye mwisho, na aliye mwisho leo ni mama yetu Yuliana, ambaye amekataa kupanda gari, na kwa miguu ile mnayoiona atasimama mara nyingi, akisimama jeneza litasimama, na jua likiwapiga litawapiga.

Jonas, najua upo hapo nyuma ya nguzo ya turubai, tangu asubuhi nakuona. Msalaba wa marehemu umeegemea ukuta, njoo uuchukue, familia imekuchagua wewe uubebe. Utatangulia mbele ya wote, kwa sababu mbele ndiko ulikokutaka, na utakuwa peke yako huko mbele, na kila baada ya hatua chache utageuka nyuma, utatazama, utahakikisha mama amefika, ndipo uende tena.

Pumzika kwa amani, Fredrick, leo hakuna atakayekuacha nyuma.