Mtoto wa Wat

Hebu vuta picha ya benchi refu la mbao nje ya mkahawa mmoja wa Al Quoz, Dubai, upande wenye kivuli, mabasi ya kampuni yakipita na vumbi lake. Juu ya benchi kuna chupa ya kahawa ya tangawizi. Mwenye chupa ni Mubin wa Mombasa, tunayemwita Kadhi kwa kuwa kila jambo lazima alitolee hukumu. Kando yake yuko Kasian wa Songea, jina lake la kijiweni Kamera, kwa sababu kazi yake ni kutazama kamera za ulinzi kwenye mnara mmoja wa Jumeirah Lakes Towers. Mimi wananiita Mwalimu. Katikati yetu siku hiyo alikaa Shem wa Vihiga, baba mpya wa siku tatu, na karatasi mapajani. Ilikuwa saa nane na nusu mchana. Ofisi ya hospitali ingefungwa saa kumi, na kwenye karatasi ile nafasi ya jina la mtoto ilikuwa tupu.

— Kwetu kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu yake, Shem alisema. Marehemu baba aliitwa Watson. Nishaamua, ila roho inasita.

— Isite kabisa! Kamera akadakia. Aisee, hujasoma zile hadithi za kale za wapelelezi? Humo Watson ndiye msaidizi wa mpelelezi mkubwa. Mkubwa anamkamata mwizi, yeye kazi yake kushangaa. Mtoto ataenda shule, kalamu ikipotea wataanza: mwite bosi wako aje apeleleze!

Shem akaangalia kalamu yake kama vile yenyewe ndiyo iliyopotea.

— Hicho kitu ndicho kinanisumbua, bana. Sitaki mtoto achekwe kwa sababu yangu.

— Lete picha tumwone kwanza, nikasema.

Simu ikapita mkono hadi mkono. Kadhi akaikuza picha kwenye masikio, Kamera kwenye ngumi.

— Sura ya upelelezi hiyo, Kamera akasema. Jicho langu halikosi kitu, mie nalipwa kwa kutazama.

— Nyamazeni niwape hukumu, Kadhi akasema, akijimiminia kahawa. Huo ni ukoo wa majasusi. Wakoloni waliwatawanya bara, kila nyumba ya Watson ikapewa redio ya siri.

— Sisi hatukuwa na redio, Kadhi.

— Umeona? Waliificha barabara!

— Kadhi, nikamuuliza, ushahidi ni upi?

— Mwalimu, ushahidi ni kwamba haupo. Jasusi mzuri haachi ushahidi.

Kamera hakukubali kupitwa.

— Basi sikieni hili. Mnarani kwetu wako Watson watatu. Mmoja mtu wa Skotlandi, kwake ni jina la ukoo, kitambulisho kinaliweka mwisho. Wa pili ni Mhindi wa Kerala, Mkristo, kwake ndilo la kwanza. Wa tatu Mganda, fundi wa lifti, kwake pia ni la kwanza. Hawajuani! Ila wote watatu hupanda lifti moja, ile ya kushoto.

— Ya kulia je? Shem akauliza.

— Ya kulia mbovu tangu Ramadhani.

— Khalas, imekwisha! Kadhi akapiga paja. Watatu wametumwa Dubai, wanamngoja wa nne. Na wa nne kazaliwa Alhamisi. Shem, ukiandika jina hilo leo, mkutano wao unafunguliwa!

Shem akacheka, lakini kalamu akairudisha mfukoni. Hapo nikaona tumemfikisha pabaya.

— Nilipokuwa nafundisha, wanafunzi wangu wa darasa la tatu walipenda kuuliza maana za majina, nikasema taratibu. Hili ni jepesi. Uingereza ya zamani, mtu aliyeitwa Walter alikatiwa jina akawa Wat. Mwanawe akaitwa mtoto wa Wat, yaani Watson. Baadaye likashika kuwa jina la ukoo. Wamisionari wakalipeleka kwenye ubatizo, na huko Vihiga likawa jina la kwanza. Basi.

— Hivyo tu? Kadhi akasikitika. Mtoto wa fulani?

— Hivyo tu.

— Na huyo Wat, Kamera akanong'ona, alikuwa akimficha nani?

Kabla sijajibu akaja Trinah, dada wa Kiganda, mlinzi wa ghala la jirani, akiomba kikombe. Kadhi akamsogezea cha mwisho. Shem akampa simu aone mtoto, akamweleza shida yake. Trinah akatazama mara moja tu.

— Hapa mkononi, kwenye utepe wa hospitali, wameandika Mtoto wa Lois. Lois ni mama yake?

— Ndiye.

— Yeye anasemaje?

Kamera akatazama mabasi. Kadhi akainamisha chupa juu ya kikombe chake. Halikutoka hata tone. Shem akaichukua simu yake, akampigia Lois na kuiweka kwenye spika tusikie sote.

— Lois, kuhusu jina...

— Hapo kijiweni mko wanaume wangapi?

— Wanne.

— Tangu saa ngapi?

— Saa saba.

Kicheko chake kikatufikia, na nyuma yake kilio chembamba cha mtoto.

— Mimi namwita Watson tangu Alhamisi. Siku ya kwanza nakuja kwenu, Shem, watu wote walinitazama viatu. Baba yako peke yake ndiye aliyeniuliza kama nimekula. Siku hiyohiyo nilisema, nikipata mwana, ni huyu.

— Sasa mbona hukuniambia?

— Si ulikuwa unauliza watu wengine?

Shem akaandika jina akiwa amesimama, karatasi mgongoni kwa Kamera, herufi kubwa kubwa. — Yalla, twende! akajihimiza, akakimbilia teksi.

Basi ukiyasahau ya redio, ya lifti, hata ya Wat mwenyewe, si neno. Nakuomba ukumbuke moja tu: kumuuliza Lois.