Mzee Ngoja, Fundi wa Magari Yanayochemsha

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi magari ambaye sote tulimwita Mzee Ngoja. Ametutoka wiki iliyopita, usingizini, nyumbani kwake. Mzee Ngoja, fundi wa magari yanayochemsha.

Jina hilo alipewa na wateja. Gari likiingia gereji linafuka mvuke, mwenyewe ana haraka zake, mzee husema, "Ngoja." Hakuna kugusa mfuniko wa rejeta mpaka injini ipoe. Yeye aliwahi kuungua mkono ujanani, na hakutaka mwingine aungue. Ukiwa unangoja, anakuletea benchi na maji ya kunywa. Mkewe alimtania: "Baba watoto, wewe hata chai unaingojea mpaka iombe msamaha."

Mwaka wake wa mwisho mikono ilianza kutetemeka. Spana ikamshinda. Mwanawe mkubwa akataka gereji ifungwe. Kitinda mimba, binti aliyejifunza kazi kwa baba yake, akataka kuiendesha.

"Dada, wateja watakukimbia," kaka alisema.

"Wakikimbia na magari yao mazima, si nitakuwa nimeshafanya kazi?"

Mzee akawaambia, "Lije gari, tuone."

Likaja gari la mama mmoja msambaza mikate, linafuka. Fundi wa kwingine alishamwambia injini imekufa. "Mwanangu," alimwambia binti, "likifa hili, na mimi kazi sina."

Binti akaliacha lipoe. Akafungua mfuniko, akaongeza maji yaliyopungua. Akapapasa mipira ya maji, haikuvuja. Akachungulia oili, haikuchanganyika na maji. Kisha akakwama. Akamgeukia baba yake, kama alivyozoea tangu utotoni. Baba akikunja uso, anajua amekosea. Akilegeza, anajua amepata.

Mzee akainuka polepole, akageuza kiti chake, akakaa anatazama ukuta.

"Baba kasusa!" kaka akacheka.

Machozi yalimlengalenga binti. Akayafuta kwa mkono wenye grisi, akamgeukia mwenye gari. "Mama, linachemsha likiwa mwendoni au likisimama?"

"Likisimama tu, kwenye foleni. Likikimbia halina neno."

Hapo akapata pa kushika. Gari likikimbia, upepo unapooza rejeta. Likisimama, kazi hiyo ni ya feni. Akawasha injini, macho kwenye geji ya joto. Mshale ukapanda, feni kimya. Akazima. Akachukua waya, akaiunga feni moja kwa moja na betri. Ikazunguka! Basi feni ni nzima. Akashuku relei, kidude kidogo kinachoipelekea umeme. Akaweka nyingine, akawasha. Mshale ukapanda, feni ikavuma, mshale ukashuka. Mama wa mikate akamkumbatia, grisi na yote.

"Baba, geuka sasa."

Mzee akageuka, mashavu yamelowa. "Nilijua gari lilipoingia tu, sikusikia feni. Lakini ungenitazama, ungelisoma jibu usoni. Na uso huu, mwanangu, siwezi kukuachia."

Kaka mwenyewe ndiye aliyetusimulia haya. "Siku ile ile," alisema, "nilinunua rangi, nikaandika jina la dada kwenye mlango wa gereji."

Wasikilizaji wapendwa, kwa mjane wa marehemu, kwa wanawe na wajukuu, tunawapa pole kutoka moyoni. Mungu amlaze pema. Na wewe unayenisikiliza, huenda yupo anayekutazama usoni kila anapokwama, mtoto wako, au mwanafunzi wako. Mpende, ila mwache kidogo ahangaike mwenyewe ungali hai, akikosea uwepo wa kumwonyesha. Binti wa Mzee Ngoja amefungua gereji leo asubuhi. Ana huzuni, lakini kazi anaijua.