Neno Lililopita Kati ya Pini

Benchi letu limeegemea ukuta wa chumba cha fundi cherehani, pale njia mbili zinapokutana. Chumba kimefungwa tangu Jumanne. Mwenyewe tulimwita Besi, kwa kuwa miaka thelathini na mmoja aliimba sauti ya nne katika kundi la injili. Hilo ni jina la sauti, si jina la mtu, nami nilisema hivyo kila lilipotajwa. Asubuhi ya Alhamisi tulikuwa watatu, muuza kahawa akiwa wa nne: Wembe, ambaye ni kinyozi, Soli, anayeshona viatu, na mimi, karani mstaafu, karatasi ikiwa gotini. Mjane alikuwa ameniomba niandike wasifu utakaosomwa kesho kaburini. Alitaka jambo moja lisikosekane: lile neno ambalo mumewe aliliimba peke yake katika ubeti wa tatu wa wimbo wa kundi, wenzake wote wanapolivuta "Bwana" juu kabisa. "Nimelisikia maisha yangu yote, shemeji," aliniambia, "lakini alikuwa akishona, pini mdomoni. Nataka nilisikie mara moja lote."

SOLI: Andika "nipokee", Karani, tukapumzike. Siku tatu hizi sijalala vizuri.

WEMBE: Nipokee wapi! Ni "nipokonye".

SOLI: Mtu mzima amwombe Mungu ampokonye? Ampokonye nini, mkasi?

WEMBE: Sifa. Hujui huyu alitoka wapi. Kabla ya kuokoka alikuwa kwenye bendi ya dansi. Wanawake walikuwa wanaanguka.

SOLI: Besi? Yule aliyefumba macho akimpima mama wa watu kiuno?

WEMBE: Ndiye huyo huyo! Alishaona mengi. Akamwambia Mungu, nipokonye sifa yote, niachie cherehani. Hata siku ya kurekodi alisimama nyuma kabisa, mlangoni.

SOLI: Mlangoni alisukumwa. Sauti yake ilikuwa inatikisa mashine. Fundi mitambo akamwambia, mzee, rudi nyuma. Akarudi. Rudi tena. Akarudi. Ubeti wa tatu aliuimbia uani kwenye kuku.

— Kanda ninayo, nikasema. Jana nimeisikiliza mara sita.

WEMBE: Ehe! Inasemaje?

— Jogoo anasikika vizuri.

Hakuna aliyecheka sana. Muuza kahawa, ambaye humwita kila mtu mwanangu, hata mimi niliyemzidi miaka kumi na miwili, alitujazia vikombe.

MUUZA KAHAWA: Nyinyi wote hamkusikia. Alikuwa anasema "nipo kona".

SOLI: Nipo nini?

MUUZA KAHAWA: Kona, mwanangu. Hapa. Alikuwa anamwelekeza Mungu pa kumkuta.

WEMBE: Mama, huo ni wimbo wa injili, si simu.

MUUZA KAHAWA: Cheka. Mara mbili aliumwa mpaka mkaanza kuulizana nani atabeba jeneza. Mara mbili akaamka, akaja akakaa hapa. Unadhani malaika hawakuja? Walikwenda nyumbani, hawakumkuta. Jumanne mvua ikanyesha, hakutoka. Wakamkuta.

Soli alikiweka kikombe chini.

SOLI: Mimi najua hivi tu. Kila mwaka alishona majoho ya kundi zima, na la kwake akalishona mwisho, kwa vipande. Akija mteja kumtukana, anavuma ubeti wa tatu mpaka mteja achoke. Hakuwahi kunihubiria hata siku moja.

WEMBE: Na wewe ulihitaji.

SOLI: Nilihitaji sana.

WEMBE: Lakini Karani, si wewe uliyewahi kumkosoa?

Nilitumaini wamesahau. Ilikuwa miaka miwili iliyopita. Katika shule niliyosoma tulichapwa kwa silabi moja iliyomezwa, na tabia hiyo haijanitoka. Nilimwambia, "Fundi, tamka. Neno lako halisikiki." Alisimamisha cherehani. Akazitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa shati, akanitazama bila hasira. "Sisemi nawe, Karani," akasema. Kisha akazirudisha. Wenzangu walicheka wiki nzima, nami nikacheka nao. Kinachoniuma ni kwamba kwa muda ule mdomo wake ulikuwa mtupu. Ningeweza kumuuliza.

Hapo akatokea mwanamume mwenye saruji kwenye viatu. Mwashi, wa makamo, mgeni kwetu.

MWASHI: Shikamooni wazee. Shikamoo mama.

— Marahaba.

MWASHI: Mimi naimba na kundi lake, niliingia mwaka huu. Kesho nasimama nafasi yake. Mjane amesema neno lake lisiimbwe kwa kuvuma, litamkwe. Aliyetunga wimbo alishafariki, na kwenye daftari pale pana mstari mtupu. Wenzangu wanasema wao huwa juu, hawasikii kitu. Wakaniambia, nenda kwenye benchi, ndiko alikokaa miaka yote. Sasa, alikuwa anasema nini?

Wembe alipuliza nywele kwenye kitana ambacho hakikuwa na nywele. Soli alikigeuza kiatu cha mtu, akakigeuza tena. Muuza kahawa aliinua birika kumkaribisha mgeni, likatoa matone mawili na machicha.

MWASHI: Mzee? Naambiwa wewe ndiye uliyekaa naye karibu zaidi.

Nilitazama karatasi. Nilikuwa nimeandika "Aliimba neno moja", nikaacha nafasi ya kutosha herufi tisa.

— Hakuwa akisema nami, nikamwambia.