Kaa Aliyeachwa Chini ya Uangalizi wa Mdogo Mtu

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1958, mtoto wa kwanza kati ya watano wa fundi bomba na mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao.

Alianza shule mwaka 1965. Akiwa darasa la nne alienda na kaa wa mtoni kwenye kopo la maziwa. Mwalimu akauliza, "Una nini humo?" Akajibu, "Mgeni, mwalimu." Alichapwa, lakini mgeni alirudi naye nyumbani.

Mwaka 1984 aliajiriwa katika maabara ya chuo kikuu kuchunguza kaa wa maji baridi. Kaa hakui mpaka ajivue gamba, na homoni itokayo kwenye vishina vinavyobeba macho yake ndiyo humzuia asijivue kabla ya wakati. Watafiti wengine walivikata vishina ili akue upesi, na kaa wengi walikufa. Marehemu hakuupenda ukatili huo. "Kwani ana haraka ya kwenda wapi?" alikuwa akisema. Akatumia miaka yake akitafuta njia ya kumfanya ajivue kwa joto na mwanga tu.

Aliolewa na seremala tarehe 6 Agosti 1988. "Ningekuwa na miguu kumi," mumewe huyo alitania, "ningesikilizwa humu ndani."

Februari 3, 2023, alilazwa kwa maradhi ya figo. Kaa wake sita wa mwisho alimwachia mdogo wake kitinda mimba, dereva wa lori. "Mkubwa akiacha kula, mtenge siku hiyo hiyo. Akijivua anakuwa laini, wenzake watamla." Mkubwa aliacha kula. Mdogo mtu akasema atamtenga kesho. Kesho yake alikuta gamba tupu na vipande vya miguu.

Hospitalini dada akauliza, "Amejivua?"

"Amejivua, dada. Mzima kabisa."

"Upana?"

Akababaika. "Milimita arobaini na mbili."

Dada alifurahi mno, akamwambia bintiye aandike katika daftari lake la vipimo vya kaa. Alifariki tarehe 19 ya mwezi huo huo, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu na wadogo wanne.

Kitinda mimba huyo ndiye anayewasomea haya. Kipimo kile hakukipima. Katika madaftari ya miaka thelathini na tisa, uongo ni huo mmoja, na ni wake. Anawaomba waliofanya kazi na marehemu maabarani waikate kwa mstari namba hiyo.

Nisamehe, dada. Upumzike kwa amani.