Fundi Kimya: Baba Yetu na Mionzi ya Kifuani

Ndugu, majirani na wateja wa marehemu, poleni kwa msiba na asanteni kwa kuja. Haya ni maisha ya baba yetu kwa ufupi, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kueleza jambo kwa ufupi.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1953, mtoto wa nne wa mpasua mbao, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha mbao. Alisoma shule ya msingi ya jirani. Mwalimu wa hesabu alimsifu kwa vipimo na kumtoa nje kwa maneno mengi.

Mwaka 1970 alianza kujifunza kutengeneza makochi kwa mjomba wake. Fundi wa makochi huweka vimisumari mdomoni na kuvitoa kimoja kimoja kwa ncha ya ulimi, kwa hiyo kazini hakuweza kusema neno. Wateja wakamwita Fundi Kimya. Nyumbani tulipolisikia jina hilo tulidhani wanamzungumzia mtu mwingine.

Alimwoa mama yetu tarehe 20 Desemba 1978. Mama alikuwa amerudisha kiti dukani, akakilalamikia mpaka hamu ikamwisha, maana fundi hakuweza kujibu. Alipovitema vimisumari alisema, "Kiti kitakuwa tayari Ijumaa. Na mimi pia." Walijaliwa watoto watatu.

Februari mwaka jana alianza kukohoa, akasingizia vumbi la sponji. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kufikia Aprili alishindwa kumaliza sentensi, ndipo tukajua hali ni mbaya. Vipimo vilionyesha uvimbe kwenye pafu la kulia, umebana njia kuu ya hewa, mahali ambapo daktari hakuweza kupasua. Wangempa mionzi ya ndani: mrija mwembamba unapitishwa puani hadi kwenye uvimbe, kisha mashine inasukuma chembe ndogo ya mionzi ndani ya mrija, ikae dakika chache ikiuunguza. Daktari hakumwahidi kupona, alimwahidi pumzi. Baba alisema inamtosha, awe anaongea na mjukuu wake wa miaka miwili.

Aliporudi kutoka hospitali alibeba kiti chake hadi uani, akataka na kikombe chake peke yake. Kwa ufundi wake, msumari ukishaingia kwenye kochi umebaki humo. Basi aliamini chembe nayo imebaki kifuani, inawaka, na itatudhuru. Habari zikaenea, na baadhi ya majirani wakawa wanamsalimia kutoka getini. Mjukuu alilia mlangoni, babu naye akalia kule uani akijifanya anapangusa kiti. Pumzi ilikuwa imerudi, lakini hakuwa na wa kuongea naye.

Mama alivumilia wiki mbili. Siku ya matibabu ya pili alimuuliza mtaalamu wa mionzi, baba akisikia.

"Mama, ile chembe inarudi kwenye mashine kabla hatujatoa mrija. Mzee hatoki na kitu hapa. Kwani nani aliwaambia inabaki?"

Mama akamtazama mumewe. "Fundi wa makochi."

"Basi mrudishieni mjukuu wake."

Jioni ile mtoto alilala kifuani pa babu yake, baada ya kusimuliwa maneno yote yaliyokuwa yamerundikana. Walikaa hivyo karibu kila jioni, miezi minane. Tunamshukuru Mungu na wauguzi kwa kila mmoja wa miezi hiyo.

Uvimbe ulirudi Januari. Baba alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 6 Machi mwaka huu, mama akiwa amemshika mkono. Tumeumia sana.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada yake mmoja. Mama ameomba niseme neno kabla jeneza halijafungwa. Wapo wenzetu waliomsalimia baba kutoka getini mpaka mwisho. Hawakuwa na ubaya, waliogopa tu. Mama anasema, "Sogeeni mumuage. Hakuna cha kuogopa, na hakikuwepo."

Baba yetu apumzike kwa amani, watu wake wakiwa karibu.